Mwenda Jean-Bosco (1930–1990): Mtunzi wa Kiswahili cha Katanga Aliyesikilizwa Vidole Tu

1. Utangulizi

Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1950, alipata bahati ambayo waimbaji wachache wa Kiswahili wameipata. Miaka minane baada ya kifo chake ulichapishwa wasifu wake uliotungwa na Shaaban Robert. Tangu hapo jina la Siti limekuwa mali ya wanafasihi, wala si ya wapenzi wa santuri peke yao.

Msanii anayezungumziwa katika makala haya hakupata mwandishi wa namna hiyo. Mwenda Jean-Bosco, aliyejiita pia Mwenda wa Bayeke, alizaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Aliishi sehemu kubwa ya maisha yake mjini Lubumbashi, na alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Nyimbo alizozirekodi kuanzia mwaka 1952 zinazidi mia moja, na nyingi kati ya hizo aliziimba kwa Kiswahili. Miongoni mwa wapiga gitaa duniani jina lake ni kubwa. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili wa Dar es Salaam, Nairobi au hata Lubumbashi kwenyewe aweza kuhitimu shahada yake bila kulisikia hata mara moja.

Makala haya yanakusudia kueleza maisha ya mtunzi huyu kwa ufupi na kuchunguza sababu za ukimya huo. Hoja yetu ni kwamba Bosco hakukosa wasikilizaji, wala hakukosa wataalamu wa kumwandikia. Kilichotokea ni kwamba wataalamu waliomshughulikia zaidi walikuwa wa muziki, nao walivutwa na vidole vyake. Sisi wa lugha na fasihi, ambao wajibu wetu ulikuwa kuyashughulikia maneno, tulikuwa tumekwisha kuamua kwamba Kiswahili chake si cha kuchunguzwa kama sanaa.

2. Bunkeya na asili ya Bayeke

Yafaa kuanza na mahali alipozaliwa, kwa kuwa Bunkeya si kijiji cha kawaida katika historia ya Afrika ya Mashariki na ya Kati. Katikati ya karne ya 19 Msiri, mwana wa mfanyabiashara Kalasa, alitoka upande wa Unyamwezi akafuata biashara ya shaba, akaanzisha huko dola lililojulikana kwa jina la Garanganze. Watu wake ndio walioitwa Bayeke. Kutoka Bunkeya shaba na pembe za ndovu zilisafirishwa upande wa mashariki kuelekea Tabora na pwani ya Bahari ya Hindi, na upande wa magharibi kuelekea Benguela, katika pwani ya Angola. Mmishenari Frederick Arnot alifika hapo mwaka 1886. Miaka mitano baadaye, tarehe 20 Desemba 1891, Msiri aliuawa na ofisa mmoja wa msafara ulioongozwa na Stairs, na Katanga ikaingia mikononi mwa Mfalme Leopold II.

Bosco alipojiita Mwenda wa Bayeke, basi, alijitambulisha kwa historia hiyo. Jina lake la ubatizo, kwa upande mwingine, ni la Yohane Bosco, mwanzilishi wa shirika la Wasalesiani, ambao walikuwa wamefika Elisabethville mwaka 1911. Katika majina hayo mawili tunaiona Katanga ya karne ya 20, ambako njia ya misafara, misheni na migodi vilikutana katika maisha ya mtu mmoja.

3. Kiswahili cha mji wa shaba

Msomaji wa mwambao aweza kudhani kwamba Kiswahili cha Lubumbashi ni masalio tu ya Kiswahili cha misafara. Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mji wa Elisabethville, ambao uliitwa Lubumbashi kuanzia mwaka 1966, ulianzishwa mwaka 1910, wakati reli kutoka Rhodesia ilipofika. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906. Katika miaka ya mwanzo uhusiano wa mji huu ulikuwa na kusini zaidi kuliko mashariki. Wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, na lugha zilizosikika katika kambi zilikuwa pamoja na Kibemba na lugha ya mseto iliyotumika katika migodi ya kusini.

Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha kwamba kukua kwa Kiswahili mjini humo kulihusiana sana na siasa ya kazi. Wabelgiji hawakupenda koloni lao liwe chini ya mvuto wa Waingereza wa kusini. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ilibadili mtindo wake wa kuajiri. Badala ya vibarua wa muda mfupi, iliwataka wafanyakazi waje na wake zao na kukaa, na iliwachukua kutoka Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi. Watu hao walihitaji lugha moja, na Kiswahili kikawa lugha hiyo, kazini kwanza, halafu nyumbani. Watoto waliozaliwa katika makambi na mitaa ya mji hawakuwa na lugha nyingine iliyowaunganisha wote.

Hiki ndicho Kiswahili ambacho wasomi wa zamani walikiita Kingwana au Kiswahili kibovu. Ukweli ni kwamba kina kanuni zake. Msemaji wa Lubumbashi husema batu na batoto mahali ambapo msemaji wa Kiswahili sanifu husema watu na watoto. Husema muke na mutu, kwa irabu kamili, badala ya mke na mtu. Hutumia ka- na tu- kwa udogo, na hukopa kutoka Kifaransa bila haya. Edgar Polomé alikiandikia mwaka 1968, na baada yake Walter Schicho amefanya kazi kubwa juu yake. Wenyeji nao hawakungoja wataalamu. Mwaka 1965 kilitokea mjini kijitabu cha André Yav, kilichoandikwa kwa Kiswahili hicho hicho, kikisimulia historia ya Elisabethville kwa macho ya watumishi wa nyumbani. Lugha ambayo imeweza kuandika historia ya mji wake haiwezi kuitwa makosa ya lugha nyingine.

4. Mwaka 1952: santuri na vidole

Bosco alikuwa kijana wa miaka 22 au karibu na hapo wakati Hugh Tracey alipomrekodi mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Tracey, Mwingereza aliyefanya makazi yake Afrika ya kusini, alikuwa akizunguka nchi nyingi na mitambo yake akikusanya muziki wa Kiafrika. Mwaka 1954 ndiye aliyeanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ambayo tangu mwaka 1978 imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji ulioitwa Grahamstown na ambao tangu mwaka 2018 ni Makhanda. Miongoni mwa vipande alivyovirekodi ni «Masanga», wimbo uliomtangaza Bosco kuliko wowote mwingine.

Santuri hizo ziliuzwa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg, nazo zilienea kusini, katikati na mashariki mwa Afrika. Aliyemsikia Bosco kwa mara ya kwanza alishangazwa na gitaa. Kwa kidole gumba na kidole cha shahada peke yake aliweza kupiga besi na sauti ya juu kwa wakati mmoja, hata mtu akadhani kuna wapigaji wawili. Haikuwa ajabu kwamba mtaalamu wa muziki David Rycroft aliandika makala ndefu katika sehemu mbili, mwaka 1961 na 1962, katika jarida la *African Music*, akichambua ubunifu huo kwa noti. Kazi ya Rycroft ina thamani kubwa hadi leo, na hatuilaumu kwa kufanya lile ililokusudia kufanya. Lakini jina lake lenyewe lataja gitaa, na ndiyo njia iliyofuatwa na wengi waliokuja baadaye. Bosco aliingia katika elimu kama mpiga gitaa ambaye pia aliimba. Haikupata kuulizwa vya kutosha kama alikuwa mtunzi wa maneno ambaye pia alipiga gitaa.

5. Nairobi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alikwenda Nairobi. Huko alisikika redioni na alishiriki katika kutangaza dawa ya Aspro, jambo ambalo ni ushahidi wa umaarufu wake, kwa maana mfanyabiashara hamwajiri msanii asiyejulikana. Ndugu yake Edouard Masengo naye alifanya kazi Nairobi na akajulikana sana kwa matangazo ya Coca-Cola. Losta Abelo, mtunzi mwingine hodari wa Katanga, ni wa kundi hilo hilo la wasanii wa gitaa kavu. Vijana wa Kenya waliwaiga wapigaji hawa, na historia ya gitaa nchini humo haiwezi kuandikwa bila wao.

Kwa mwanafunzi wa lugha safari hii ina maana ya pekee. Lau Bosco angaliimba kwa Kisanga tu, Nairobi ingalimpokea kama mgeni mwenye vidole vya ajabu. Aliimba kwa Kiswahili, na kwa hiyo msikilizaji wa Nairobi alielewa, hata kama maneno mengine yalimsikikia mageni kidogo. Kabla ya uhuru na kabla ya mikutano ya kimataifa ya Kiswahili, santuri za Katanga zilikuwa zikiwaunganisha wasemaji wa Kiswahili ambao hawakupata kuonana. Mpaka wa Wabelgiji na Waingereza ulikuwepo katika ramani, lakini gramafoni haikuujua.

6. Lugha ya nyimbo

Tukiyatazama majina ya baadhi ya nyimbo zake, tunaona jambo linalostahili uchunguzi. Kuna wimbo uitwao «Kijana muke». Msemaji wa mwambao angesema msichana au kijana wa kike. Hapa irabu ya muke ni ya Katanga bila shaka yoyote. Kuna «Tambala moja». Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam akilisikia neno hili atafikiria tambara, yaani nguo iliyochakaa, na pengine atacheka. Katanga, ambako sauti r na l hubadilishana nafasi, tambala ni kitambaa tu, wala hakuna uchakavu ndani yake. Msikilizaji aliyekichukua Kiswahili cha mwambao kama kipimo angelielewa jina la wimbo huu kinyume kabla hata hajausikia.

Lakini kuna pia «Watoto wawili» na «Mama na mwana». Katika mitaa ya Lubumbashi watoto ni batoto. Hapa mtunzi, au aliyeandika lebo ya santuri, ametumia wa- ya Kiswahili cha shule na cha mashariki. Hatuwezi kujenga nadharia nzima juu ya majina machache, na lebo za santuri ziliandikwa na wafanyakazi wa kampuni ambao huenda walirekebisha tahajia. Hata hivyo, swali lenyewe ni halali: je, Bosco alikuwa na Kiswahili kimoja, au alichagua kati ya viwili kwa kuangalia wimbo utasikilizwa na nani? Mtu aliyelelewa Bunkeya, akafanya kazi Jadotville, akauza santuri kupitia Johannesburg na kuimba Nairobi hakuwa mtu wa lahaja moja. Kuchagua neno kwa kumfikiria msikilizaji ni kazi ya mtunzi, na ndiyo kazi ambayo sisi tumefunzwa kuichambua. Ushahidi wa kulijibu swali hili umo katika santuri. Kinachohitajika ni mtu anayekijua Kiswahili cha Lubumbashi tangu utotoni akae, asikilize na aandike neno kwa neno.

7. Umbo la wimbo na mgogoro wa ushairi

Jambo la pili linahusu umbo. Wasomaji wa taarifa hii wanaukumbuka mgogoro uliozuka katika ushairi wa Kiswahili kuanzia miaka ya 1970 kuhusu vina na mizani. Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi* mwaka 1974. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitoa *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* mwaka 1979, wakitetea kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa shairi. Wanamapokeo waliwajibu kwamba huo ni uigaji wa Wazungu, na kwamba Mswahili hajapata kutunga namna hiyo.

Katika ubishi ule wote, Katanga haikuitwa kutoa ushahidi. Na ushahidi ulikuwepo. Wimbo wa gitaa wa Katanga haufuati mizani kumi na sita wala hauna kina cha kati na cha mwisho. Mshororo wake ni mfupi. Husemwa, hurudiwa kwa badiliko dogo, kisha sauti hunyamaza na gitaa hujibu. Katika ngoma za kijijini kuna mwimbishaji na waitikiaji. Hapa mwimbishaji yuko peke yake, na kazi ya waitikiaji imekabidhiwa nyuzi. Santuri ya wakati ule ilibeba takriban dakika tatu kwa kila upande, na kwa hiyo mtunzi alilazimika kusema neno lake kwa muhtasari mkali. Ndoa, fedha, pombe na maisha ya mjini vilielezwa kwa mishororo michache.

Ni wazi kwamba wimbo na shairi si kitu kimoja, na hatudai kwamba Bosco alikuwa mshiriki wa mgogoro ambao hakuufahamu. Tunasema tu kwamba mwaka 1952, miaka 22 kabla ya *Kichomi*, maneno ya Kiswahili yasiyofungwa na vina wala mizani ya mwambao yalikuwa yakisikilizwa na kupendwa katika nchi kadhaa za Afrika. Hayakutungwa na msomi aliyesoma mashairi ya Ulaya. Yalitungwa na kijana wa Bunkeya. Waliodai kwamba jambo hilo halipo katika jadi yetu walikuwa na ramani fupi ya jadi hiyo.

8. Miaka ya baadaye

Bosco hakuishi kwa muziki peke yake. Kwa nyakati mbalimbali alifanya kazi benki na katika kampuni ya madini ya Gécamines, aliongoza bendi mjini Lubumbashi, na alimiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Wakati huo gitaa la umeme na Kilingala vilikuwa vimeshika soko la muziki wa Kongo. Redio na bendi za Kinshasa zilikuwa na nguvu ambayo msanii wa gitaa kavu hakuweza kushindana nayo, na katika siasa na jeshi Kilingala kilipendelewa. Kupungua kwa sauti ya Bosco nchini mwake kulifuatana na kupungua kwa nafasi ya Kiswahili cha Katanga katika maisha ya taifa zima.

Nje ya nchi alikumbukwa zaidi. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport nchini Marekani. Mwaka 1982 alizuru Ujerumani. Mwaka huo huo ilichapishwa kazi ya John Low, Mwingereza mpiga gitaa aliyesafiri hadi Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba, kuwatafuta wasanii wa miaka ya 1950 na 1960 na kujifunza kwao. Mwaka 1988 Bosco alirekodi mjini Cape Town nyimbo ambazo zilitolewa mwaka 1994, miaka minne baada ya kifo chake. Inatupasa kutafakari kwamba waliofunga safari kumtafuta walitoka Ulaya, na walikwenda kujifunza upigaji. Idara za Kiswahili za Afrika Mashariki zilikuwa karibu zaidi, na zilikuwa na lugha ya kumwuliza.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Mwenda Jean-Bosco ni sehemu ya historia ya fasihi ya Kiswahili kwa sababu tatu. Kwanza, alitunga kwa Kiswahili kwa miaka karibu 40 na akasikika mbali kuliko washairi wengi wa wakati wake. Pili, nyimbo zake ni hazina ya ushahidi juu ya Kiswahili cha Katanga na jinsi kilivyokutana na Kiswahili cha mashariki. Tatu, umbo la nyimbo hizo linatulazimu kuyatazama upya baadhi ya madai yetu kuhusu jadi ya utunzi.

Fabian alipoandika mwaka 1978 juu ya utamaduni wa umma katika Shaba, aliziweka nyimbo, picha za kuchora na mafundisho ya dini katika kapu moja, kama fikra za watu walewale zilizosemwa kwa njia tatu. Mfano huo wafaa kufuatwa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanafunzi ambao Kiswahili hiki ni lugha ya mama zao. Mwanafunzi mmoja akipewa nyimbo kumi za Bosco, azinukuu, azifasiri kwa Kiswahili sanifu na kuzieleza, atakuwa ameanza kazi ambayo haijafanywa na jarida lolote la muziki.

Kazi hiyo ina muda wake. Sauti ya Bosco imehifadhiwa na haitapotea upesi. Wanaopotea ni watu waliokuwa vijana wa Jadotville na Elisabethville mwaka 1952, ambao huweza kueleza neno fulani lilimaanisha nini wakati ule na kwa nini wasikilizaji walicheka mahali fulani. Aliyezaliwa mwaka mmoja na Bosco amekwisha kupita umri wa miaka 90. Santuri itabaki ikiimba, lakini haitaweza kutueleza maana ya kile inachokiimba.